Kutu Kwenye Tangi la Chin-lai

Jumapili, 19 Novemba
Leo nimeifunua pikipiki ya Chin-lai. Lo! Tangi lote kutu, ndani na nje. Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa tatu hakuna aliyeigusa. Na tangu siku hiyo mume wangu hajatamka neno. Fundi wa pikipiki, aliyekuwa akipiga soga mji mzima wa Puli unamsikia!
Nikamwambia nitalisafisha, tulipake rangi upya. Akanikazia macho. Furaha? Hasira? Sijui.

Jumatatu, 20 Novemba
Nimemimina petroli ya tangini kwenye dumu, hapa uani, mbali na jiko. Chin-lai kwenye kiti chake cha magurudumu, ananifuata kwa macho tu.
Akaja A-hok, mdogo wake, na mashine ya kusagia chuma. "Shemeji, msasa wa nini? Dakika mbili tu, kutu yote chini!" Akachomeka waya. Na mimi nikamsogezea tangi — mjinga mimi!
"Mo-to!"
Sauti kavu, ya kukwaruza. Chin-lai!
A-hok akaiachia mashine kabla hajaiwasha. Tangi lilikuwa tupu, lakini mvuke wa petroli ulijaa mle. Cheche moja tu, na tusingekuwepo.
A-hok akaanza kucheka, akaishia kulia. "Kaka, nitukane basi! Nitukane kama zamani!" Chin-lai akauonyesha waya kwa kidole.

Jumanne, 21 Novemba
Maji na sabuni, suuza, tena na tena, hadi harufu ikaisha. Kisha nikajaza siki. Muuzaji kaniuliza napikia harusi ya nani!

Jumatano, 22 Novemba
Siki inafanya kazi. Mwalimu wa matamshi, anayemfunza Chin-lai kusema tena, kaja, nikamsimulia ile "Moto!" ya juzi. Amefurahi. Kasema tusimnyang'anye neno mdomoni. Tumsubiri.

Alhamisi, 23 Novemba
Siki imetoka nyekundu kama chai iliyokolea. Nikatia nati na maji, nikatikisa mpaka mabega yakaniuma. Nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, nikaanika juani, nikapitisha mafuta mepesi ndani, kutu isirudi. Nje nimesugua kwa msasa wa maji, glavu mkononi, barakoa usoni. Chin-lai akapitisha kidole cha mkono mzima juu ya bati. Polepole. Akarudia.

Jumamosi, 25 Novemba
Fundi wa rangi kaja, kaleta makopo matatu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. A-hok anataka nyekundu. Nikasema tangi si lako, muulize mwenyewe.
Naandika hapa hapa uani, bora mikono ishike kalamu, nisije nikamsemea. Chin-lai kafumbua mdomo. Jasho linamtoka. "Nye..."
A-hok karuka, "Nyekun—" Nikamkanyaga mguu. Rangi zote tatu zinaanza hivyo hivyo!
"Nye..."
Chai imepoa. Fundi wa rangi kaweka brashi chini, kakaa. Chin-lai kafumba macho, kavuta pumzi, anaanza upya —