Iliki Katika Kahawa ya Kutafuna

Mjukuu wangu Koku,

Hujambo huko Dodoma? Sisi Izimbya ni wazima. Mguu wangu unalalamika, lakini shambani unafika. Umeniuliza kwa nini kahawa ya kutafuna ninayokutumia inanukia iliki, wakati ya wenzako hainukii.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, tulikaa Muleba karibu na duka la Wahindi. Mke wa mwenye duka, Mama Shirini, alijifunza kwetu kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, ila yake aliichemsha na iliki. Kila baba aliporudi kutoka dukani alisema, "Yule mama anajua kukaribisha." Mbele ya mama yangu! Mama alinuna hadi usiku, nami nikanuna naye.

Wahindi walipohamia Bukoba mjini, mama akachemsha kahawa yake na iliki. Baba akatafuna, akatabasamu. "Leo umempita."

"Nimempita nani?" mama akauliza, akaondoa kikapu cha kahawa mbele yake.

Basi, wageni wako wakiisifu, sema ni kahawa ya bibi yako. Huyo mwingine usimtaje.

Bibi yako anayekupenda.