Supu ya Mwani ya Mpangaji

Mdogo wangu Mal-sun,

Kabichi yako ya kuchachusha, kimchi, imefika, ila chumvi umeitia kama una ugomvi nayo.

Yule mpangaji wangu asiyevua barakoa, anayejiita Dong-su, bado ananimenyea vitunguu saumu. Jumanne televisheni ilionyesha mashabiki wakilia huko Seoul: mwimbaji wao aliyetoweka ametimiza miaka ishirini na minne. Nikaitazama picha, nikamtazama mpangaji. Macho ni yaleyale! Nikampikia supu ya mwani, maana siku ya kuzaliwa bila supu hiyo ni kama mtu hana mama.

Akalisukuma bakuli. "Bibi, kumbe umenijua."

"Kula, mjukuu wangu, inapoa."

"Siku yangu si leo. Leo waliichagua wenye kampuni ya muziki. Hata jina la jukwaani ni lao."

"Yako lini, basi?"

Akanikodolea macho. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Siku yake ni Ijumaa hii. Niletee mwani mzuri, na mjukuu wako Ha-ram, mwenye picha za kijana huyu ukuta mzima, asijue. Jina lake la kweli pia amenitajia. Hilo siliandiki, nitamwita nalo nikimpakulia.

Dada yako mdaku, aliyefunga mdomo mara hii tu,
Ok-bun