Kidude cha Aidan na Nailoni ya Mama

Getu, kaka Aidan yuko wodini. Nguruwe pori kamchana paja huko mlima Matogoro, nyama inaning'inia!

Unakumbuka alivyohangaika kuchagua kile kidude cha kuita msaada kwa setelaiti akiumia mlimani? Kikubwa akakikataa, eti kinamlemea. Akachukua chepesi, kinaingia mfuko wa shati. Unakunjua antena, unabonyeza, basi.

Mama naye akakifunga nailoni na selotepu kama rimoti ya TV. Kama RIMOTI, Getu! Eti kisiingie vumbi.

Nguruwe akamwangusha, akamchana. Aidan anakitoa, vidole vinateleza kwa damu, mwisho wa selotepu hauonekani. Anang'ata kwa meno, nguruwe huyo anarudi! Antena haikukunjuka kabisa. Akabaki kupiga mayowe, mpaka akina mama waliokuwa wanatafuta kuni wakaja na mapanga, wakamkatakata yule mnyama akiwa bado kamlalia.

Aidan alipozinduka wodini akasema, "Mama, nailoni yako nusura iniue."

Mama kalia, Getu, kalia mpaka kakaa chini. Halafu akakichukua kile kidude, akakifuta damu taratibu.

Sasa hivi anamwomba nesi plasta akifunge upya.