Shibiri Nne

Fukayosi, 3 Juni 2024

Mjomba Bwanausi, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kufundisha hesabu madarasa manne mfululizo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu barua wewe huisoma mara mbili, na ombi hili linataka hivyo. Nataka unichongee gitaa la besi. Fupi. Bendi ya Bader hapo mjini imebaki bila mpiga besi, nami nimejifunza miaka mitatu kwa gitaa la kuazima. Mwezi uliopita alinijaribu, akaniambia mbele ya watu: "Mwalimu, sikio unalo. Vidole ndivyo havifiki." Kweli havifiki. Besi za dukani ni za mikono mikubwa. Atanijaribu tena tarehe 31 Agosti, mara ya mwisho.

Mama amesema, "Mjomba wako akiridhia, mimi sina neno." Anajua ulivyo mgumu kuridhia. Ndiyo maana amesema.

Nyuzi ziwe na urefu wa shibiri nne, kutoka kipande cha mfupa cha kichwani hadi darajani. Freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, nimeziandikia jedwali: kila moja ikae sehemu gani ya urefu wote. Sumaku za kunasa sauti na nyuzi nitaleta mimi.

Mpwa wako,
Maulida

Dunda, 11 Juni

Marahaba, Mwalimu.

Goti linanung'unika wingu likitanda, mengine Alhamdulillahi.

Mama yako ameniletea salamu tatu kwa siku moja, zote za kukataza. Namjua dada yangu: akisema hana neno, ujue analo furushi. Nami nimewaza. Miaka thelathini na sita nachonga milango, na kazi ya mlango ni kunyamaza. Leo mpwa wangu anataka ubao upige kelele harusini!

Lakini umeandika kwa shibiri, hukuniletea vimilimita. Anayejua kuomba hanyimwi. Ninao mninga uliokauka miaka sita, na kipande cha mpingo cha kuweka juu ya shingo. Nimeridhia. Mama yako nitamjibu mimi.

Mjomba wako,
Bwanausi

Fukayosi, 14 Agosti

Mjomba, shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani.

Besi ilifika jana na gari la mihogo lililokuwa likirudi tupu, imefungwa kanga mbili kama bibi harusi. Niliifungua peke yangu. Ni nzuri kuliko nilivyoomba. Siwezi kuipiga.

Nimeipima kwa mkono wangu. Si shibiri nne, inakaribia tano. Imezidi hata ile iliyonishinda. Freti zote zipo mahali pake, sauti haina kosa. Ni besi sahihi kabisa ya mtu mwingine. Nilikaa nayo mapajani hadi chai ikapoa, nikiwaza jambo nisilopenda kuliwaza. Kulificha ni vibaya zaidi. Mjomba, ulikosea, au wewe na Mama mlikubaliana?

Maulida

Dunda, 17 Agosti

Marahaba. Goti hukuliulizia, na chini umeweka jina tupu kana kwamba unaandikia ofisi. Nimeona.

Nilipima shibiri nne, mara mbili, kwa mkono huu uliopima milango ya nusu ya mtaa. Tangu lini mteja akaja na shibiri yake? Kwa fundi, shibiri ni ya fundi! Hayo niliyasema kwa sauti, peke yangu, kwa hasira. Halafu nikaufungua mkono juu ya meza, nikautazama. Wako ungeingia ndani yake na nafasi ikabaki. Na udogo wa mkono wako ndio uliokuwa ombi lenyewe. Nisamehe.

Mama yako hahusiki. Ila ubao mwingine uliokauka sina. Subiri mwakani.

Mjomba wako,
Bwanausi

Fukayosi, 19 Agosti

Shikamoo Mjomba. Pole na goti, na unisamehe kwa lile jina tupu.

Nusu ya kosa ni yangu. Kila siku nawaambia wanafunzi waandike kipimo kwa ukamilifu, kisha mimi nikaandika shibiri bila kusema ya nani.

Mwakani hapana. Nimepiga hesabu. Freti zinasogeleana kwa uwiano uleule, kwa hiyo ukianzia yoyote, kilichobaki chini yake ni besi kamili. Kutoka freti ya tatu hadi darajani ni shibiri nne zangu. Kata shingo hapo. Ondoa kipande cha juu, kisha uunge kichwa upya.

Najua huachi kiungo kionekane kwenye kazi yako. Hiki kitaonekana. Ijumaa naileta mwenyewe. Ukishindwa kuikata, niazime msumeno.

Mpwa wako,
Maulida

Dunda, 25 Agosti

Marahaba, mkaidi wee.

Ulipoondoka Ijumaa nilishika msumeno, nikauweka. Jana vilevile. Leo asubuhi mama yako amekuja, akaikuta besi mezani. Nikamweleza. Akasema kwa upole, "Usijisumbue, kaka. Ngoja wiki moja tu, jambo litajiishia lenyewe."

Nikaona kumbe kungoja kwangu ndiko kukataa kwenyewe. Nikakata palepale, mbele yake.

Gundi inakauka. Nilitaka kukipaka kiungo rangi, nikaacha. Njoo Jumatano.

Mjomba wako,
Bwanausi

Fukayosi, 2 Septemba

Shikamoo Mjomba. Leo naanza na habari, salamu nyingine zitafuata.

Juzi Bader alinisikiliza nyimbo tatu bila kunitazama usoni, alitazama vidole. Ya nne haikufika mwisho. Akainua mkono, bendi ikanyamaza, nikajua yamekwisha. Akasema, "Mwalimu, Jumamosi ijayo tuna harusi Mlingotini. Usichelewe." Mpiga ngoma akaongeza, "Na wanafunzi wako usiwaambie, watatujazia ukumbi bure!" Nilicheka hadi nikaaibika.

Nikapitia kwa Mama. Nilikwenda na majibu kumi kichwani, nimeyapanga kama somo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Hakuuliza kama nimefaulu. Aliuliza, "Na mbele za watu huko, utavaa nini?"

Nikaketi kando yake, nikamwomba anichagulie.

Mpwa wako,
Maulida