Kifuu cha Baba

Nadrala, Ra,
Fiji.
14 Machi 2011

Mpendwa kaka Epeli,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Sydney? Natumaini maji ya bomba yanakupenda na tumbo halikusumbui. Mimi ni mzima. Wanawake wengi hapa ni wazima, maana kava, kinywaji chenu cha mizizi cha jioni, hatunywi.

Mdogo wetu Sakiusa tulimzika Jumamosi. Homa ya matumbo. Simu sikukupigia, nilitaka habari hii uisome polepole.

Unakumbuka kimbunga kilipoharibu chemchemi, nesi Vilimaina alituambia tuchemshe maji ya kava, na kila mtu anywe kwa kikombe chake. Ng'ambo ya mto, kijijini Matawai, wakamsikiliza. Sisi tukawacheka, eti wanakunywa kava kama wagonjwa wodini. Leo kwao hakuna hata mmoja aliyelala, na kwetu karibu kila nyumba ina mkeka wa mgonjwa. Mto ni huo huo mmoja.

Wazee wetu nao walikuwa wameshakubali vikombe. Ndipo ukaja wewe Krismasi, ukakaa mbele kabisa ukasema, "Ukoo huu unanywa kifuu kimoja, cha Baba. Anayeogopa mate ya nduguye akakae jikoni na akina mama." Nani angembishia mkuu wa ukoo? Sakiusa alikuwa ameshika kikombe chake cha bati. Alikificha mgongoni, nanyi mkamcheka. Akawa anakunywa kifuu kila jioni, asionekane mwoga.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lisilosikia lilikuwa lako, aliyekufa ni yeye.

Homa ilipompanda alinishika mkono. "Da Litiana, usimwambie kaka kwamba niliondoka kikaoni kabla hakijaisha." Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua.

Najua kwetu dada hamsemeshi kaka yake hivi. Nisamehe, au acha.

Matangani wazee walikizungusha tena kifuu, kwa heshima yako. Baba mdogo Tevita sasa anatapika.

Msalimie wifi Mereseini na watoto. Mama hana salamu za kukupa. Mungu akujalie maisha marefu na kumbukumbu nzuri.

Kifuu cha Baba nimekuwekea humu kifurushini. Ni haki yako, wewe ndiye mkubwa. Sijakiosha.

Dada yako, akupendaye hata sasa,
Litiana