Yule Mpole wa Kulia

Qurus, Karatu,
19 Juni 1983

Mpendwa mdogo wangu Piusi,

Hujambo huko Tanga? Kifua chako kimepona? Sisi hatujambo, mvua ilitosha na maharage yamekubali. Mkeo Blandina naye hajambo, ingawa katika barua yako hukumwulizia.

Barua hiyo nimeisoma nikitafuta aibu ndani yake, sikuiona. Unasema tumemuua mmoja wa mapacha wako. Unasema mwanamke aliyepasuliwa hazai tena, nimrudishe kwao Mbulu. Una mdomo mchafu, Piusi.

Pacha gani? Pasaka ulipokuja likizo ulikuta tumbo la miezi mitano limekuwa kama la minane, ukalipapasa mbele ya wageni na kutangaza mapacha. Wa kushoto anacheza, ulisema, huyu wa kulia ni mpole. Ukamkataza mkeo kliniki, wasije wakakuharibia watoto.

Hazikupita siku nyingi tangu uondoke, Blandina akaanguka shambani, anatapika kwa maumivu. Gari halikupatikana, tukampakia kwenye lori la vitunguu lililotoka Mang'ola, akalala juu ya magunia mpaka hospitali. Daktari alisema ni uvimbe ulioota kwenye kifuko cha mayai, kando ya mfuko wa uzazi, na sasa umejisokota. Akasema tukingoja ruhusa yako tutazika mama na mtoto. Nikamwambia apasue. Ndiyo, ni mimi, na hata leo ningemwambia hivyo hivyo.

Niliuona ulipotolewa. Mkubwa kama boga, umejaa maji mazito, hauna jicho wala mkono. Huyo ndiye uliyempa jina la marehemu baba yetu.

Kifuko cha pili ni kizima, kwa hiyo hilo la kutozaa nyamaza nalo. Mtoto yumo tumboni, na siku hizi anacheza kushoto na kulia, nafasi ameipata. Blandina harudi Mbulu. Atajifungulia hapa kwangu, na anayetaka kumfukuza aanze na mimi.

Mama anakusalimu, na shemeji yako Thomasi pia. Mungu akulinde kazini, akupe haya kabla hajakupa mtoto.

Blandina nimemwuliza kama ana salamu za kukutumia. Ameendelea kuchambua maharage.

Dada yako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Evarista