Simu ya Kaka Aiuba Imeingia Kwenye Wifi Yetu

Mama,

Uji uko sufuriani, ufunike usiingie inzi. Kisanduku cha wifi kisizimwe. Na senha ya kuingilia isibadilishwe, tafadhali!

Alfajiri, usingizi bado umenielemea, nilifungua ile programu inayoonyesha vifaa vyote vilivyoingia kwenye wifi yetu na kuvipanga kwa aina. Simu ya Baba imeiweka kundi la televisheni. Haikukosea sana, mwenyewe huongea mchana kutwa bila kumsikiliza mtu. Chini kabisa, kwenye vifaa visivyojulikana, kulikuwa na kimoja. Nikadhani jirani anatuibia, nikakifungia. Ndipo nikasoma jina: Aiuba. Kitone cha kijani kando yake kilififia polepole, kama mtu anayeshusha pumzi. Nikadhani naota.

Mama, wifi yetu haivuki hata barabara. Kaka alikuwa hapo nyuma ya ua, miezi saba tangu Baba amfukuze, akakosa moyo wa kupiga hodi. Nami nikamfukuza mara ya pili!

Nimeshamfungulia wifi. Natoka kumtafuta, naanzia kwenye kituo cha magari yaendayo Mute.

~~Baba asiambiwe.~~ Mwambie. Kaka akija kabla sijarudi, Baba ndiye amkaribishe.

Kitinda mimba wako,
Sumaia